Poka: ukae mezani na pesa ngapi?

Haya, leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuongee karata.

Kuna swali ambalo wachezaji wa poka hulijibu haraka mno. Ukikaa kwenye meza ya pesa taslimu, ukae na kiasi gani? Wengi watakuambia uingie na kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa, eti ukiwa na rundo kubwa la chipu wenzako watakuogopa. Mimi sikubaliani. Anayeanza aingie na kidogo, na aongeze siku atakapoweza kueleza kwa nini anaongeza.

Tuanze na hiyo habari ya kuogopwa. Mimi nikiwa na dola 500 na wewe una 60, kati yetu wawili zinazochezwa ni 60 pekee. Zile 440 zangu zimekaa tu kama mapambo. Tena ukipoteza hizo 60 unaweza kutoa nyingine mfukoni na kuendelea, tofauti na mashindano ambako chipu zikiisha, kwa kawaida safari yako imeishia hapo. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Sasa hesabu. Chukua meza ndogo ya Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, kama zile za Las Vegas, ambapo madau ya lazima ni dola 1 na dola 2. (Ukitaka weka shilingi, hesabu haibadiliki.) Umeingia na 200, yaani mara 100 ya dau kubwa la lazima. Unapandisha hadi 6, mtu mmoja mwenye pesa kama zako anakufuata, wengine wote wanatupa karata, hata wale wawili wa madau ya lazima. Katikati kuna 15. Wewe umebaki na 194.

Karata tatu za kwanza zinafunuliwa. Unaweka 15, analipa, kitita kinakuwa 45. Karata ya nne, unaweka 45, analipa, sasa ni 135. Inakuja ya tano na mfukoni umebakiwa na 134. Ukiziweka zote, thuluthi mbili ya pesa ulizokuja nazo zimeingia kwa uamuzi mmoja tu, ule wa mwisho. Na huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote, kwa sababu unatakiwa kujua mtu aliyekulipa mara tatu ana nini. Kamba hukatikia pabovu, na ubovu wa mchezaji mpya uko papo hapo.

Rudia mgao ule ule ukiwa umeingia na 40. Baada ya 6 za mwanzo una 34. Unaweka 15, unabaki na 19 na katikati kuna 45. Karata inayofuata unaweka hizo 19, basi. Kilichobaki ni kusubiri. Mchezo wako wote umekuwa swali moja la mapema: karata hizi zinafaa kwenda nazo mpaka mwisho au la? Swali hilo mtu anaweza kujifunza kulijibu vizuri. Ni kama programu yenye njia chache za kupita, makosa hayana pa kujificha.

Sisemi kidogo ndiyo bora daima. Ukiwa mjuzi kuliko walio mezani, kuingia na 40 ni kujinyima, maana hata ukipata karata bora kabisa, kwa kila mpinzani utachukua 40 tu. Hapo ingia na zote. Lakini angalia pia nani ana chipu nyingi na ameketi wapi. Kama mwenye rundo kubwa ni hodari na yuko kushoto kwako, mara nyingi ataamua baada ya kuona umefanya nini. Kwa nini umletee 200?

Jambo jingine: kanuni ya kawaida hairuhusu kurudisha mfukoni sehemu ya ulichoshinda ukaendelea kucheza. Kwa hivyo 40 zako zikikua hadi 200, tayari uko kwenye ule mchezo mgumu hata kama hukuuchagua. Usipouweza, inuka uende na pesa zako. Hakuna aibu.

Na sasa lile linalonisumbua zaidi. Anayeingia na 40 akaziongeza mara nne ameleta 200, ila kwa vipande. Zamani pesa za kuongeza zilikuwa nyumbani au benki, na safari ya kuzifuata ilitosha kumrudishia mtu akili. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya karo na pesa ya starehe zinakaa kwenye simu moja, na kati yao kuna namba ya siri tu. Kwa hivyo ukubwa wa kuingia uamuliwe ukiwa bado nyumbani, na ujumlishe kila nyongeza utakayojiruhusu. Zikiisha hizo, umemaliza kwa leo.

Kama hujui jumla hiyo ni ngapi, usianze hata kuhesabu madau. Hujawa tayari kukaa. Mwenye hoja tofauti alete, ila aje na hesabu.