Dumu la maji si dawa ya gari linalovuja

KILA anayetumia barabara ya Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi ameiona hali hii: gari dogo limesimama kando, boneti iko wazi, mvuke unafuka, na dereva ameshuka na dumu la manjano kwenda kutafuta maji bondeni. Abiria wanamsubiri wakiwa wamekalia magunia yao. Baada ya nusu saa maji yanamiminwa, gari linawaka, safari inaendelea. Kesho yake mambo ni yale yale. Dumu limekuwa kifaa cha gari sawa na jeki na tairi la akiba.

Mimi nasema dumu hilo ndilo linaloua injini za watu wetu. Linatuzoesha kuishi na tundu badala ya kuliziba. Na tundu lenyewe, mara nyingi, mwenye gari anaweza kulitafuta na kuliziba nyumbani kwake Jumapili mchana, kwa bisibisi, koleo, tochi na kipande cha boksi.

Hebu tujiulize, magari haya ni ya akina nani? Yamo ya ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania, wale wa Kibondo na Kasulu walioanza kurudi kwa wingi baada ya mwaka 2002, na wale wa Nduta na Nyarugusu walioanza kurudi mwaka 2017. Yamo pia ya wafanyabiashara wanaovuka Kobero na Kabanga kila wiki na mchele, maharage, vitenge au sabuni. Kwa watu hawa gari si anasa. Ni duka, na mara nyingine ni akiba yote ya miaka ya ukimbizini. Injini ikifa, mtaji umekufa. Tena tangu benki kuu ilipoishusha thamani faranga mwezi Mei 2023, kila spea inayotoka ng'ambo inauma zaidi mfukoni. Mtu anayeogopa kununua mpira wa rejeta leo atanunuaje silinda hedi mwezi ujao?

Ndugu msomaji, kuna jambo la milima yetu ambalo fundi wa Dar es Salaam hana haja ya kulifikiria sana. Kule pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Gitega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Muyinga iko juu zaidi, kwa hiyo huchemka mapema zaidi. Sasa injini ya gari la kawaida hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 95. Maana yake ni kwamba huku kwetu maji ya rejeta yako ukingoni mwa kuchemka muda wote.

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo na unafanana na kizibo cha kawaida, lakini ndani yake mna springi na mpira vinavyozuia shinikizo lisitoke. Mifuniko mingi ya magari ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1. Wenye 0.9, ukiwa mzima, unapandisha kiwango cha kuchemka hapa Gitega hadi nyuzi 115 hivi. Hiyo ndiyo nafasi ya kupumua ambayo injini inaitegemea ikiwa imebeba watu na mizigo mlimani. Kwa hiyo gari linapovuja halipotezi maji tu, linapoteza na shinikizo. Hata tone dogo linatosha. Na mfuniko uliochoka unaweza peke yake kulichemsha gari ambalo rejeta yake haina tundu hata moja. Nimeona watu wakiufunga kwa mfuko wa plastiki ili ukaze! Kabla ya kununua kitu kingine chochote, utazame mpira wake. Kama umepasuka au umekakamaa, nunua mwingine wenye namba ileile.

Tuje kwenye kutafuta. Sharti la kwanza ni injini ipoe kabisa, saa moja au zaidi. Usifungue rejeta ya moto hata kama abiria wanapiga kelele, maana maji yaliyofungiwa na shinikizo hulipuka usoni. Injini ikishapoa, jaza maji, funga, kisha tandika boksi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi boksi litakuambia: doa la mbele kabisa linatoka kwenye rejeta au mpira wa chini, doa la upande wa mikanda linatuhumu pampu ya maji, na zulia likilowa upande wa abiria wa mbele, basi ni kile kijirejeta cha hita ndani ya gari.

Boksi likiwa kavu, usishangilie. Kuna uvujaji unaotokea gari likiwa moto tu, na matone hukauka kabla hayajafika chini. Huo unaacha alama ya chumvi nyeupe, kijani au nyekundu. Pitisha tochi kwenye kila kiungo cha mpira, chini ya nyumba ya thermostati, na pale tangi la plastiki la rejeta linapobanwa kwenye aluminiamu. Kisha washa gari mpaka mpira wa juu uwe mgumu, uangalie kwa macho bila kugusa. Feni ya umeme, angalia sana, inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Kuziba kunategemea ulichokikuta. Mpira uliopasuka nchani, kama ni mrefu vya kutosha, hukatwa sentimita mbili, ukasafishwa na kurudishwa kwa kilipu ya skrubu. Uliolainika kama ndizi iliyoiva hauna dawa, tupa. Rejeta za zamani za shaba hulehemiwa kwa risasi na hukaa miaka. Hizi za aluminiamu hazikubali risasi ile. Tundu dogo hushikwa na gundi ya epoksi kwa muda, na tangi la plastiki lililopasuka hubadilishwa. Pampu inayotoa maji kwenye kile kitundu chake cha chini imekwisha, wala usihangaike nayo. Na mpira wa ndani wa baiskeli, ambao nchi hii haijawahi kuukosa, ukikatwa vipande virefu na kuzungushwa kwa nguvu juu ya mpira uliopasuka, utakufikisha nyumbani kutoka Karuzi ukienda taratibu. Utakufikisha nyumbani tu. Mtu anayeufanya wa kudumu amerudi kwenye dumu kwa njia nyingine.

Ukimaliza, toa hewa. Hapa milima inatusaidia: egesha pua ya gari ikitazama juu, weka hita kwenye moto, acha mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, jaza polepole huku ikiunguruma, mpaka mapovu yaishe. Wengi huruka hatua hii, gari linachemka tena, kisha wanailaumu spea.

Sasa niseme juu ya dawa za mtaani, maana hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Wapo wanaotia pilipili, manjano, yai bichi au unga wa kuziba ndani ya rejeta. Ni kweli tundu linaziba. Ila unga huo haujui lipi ni tundu na lipi ni njia ya maji, unaziba vyote. Wapo pia wanaotoa thermostati na kuitupa, wakidai gari litakuwa baridi. Thermostati za magari mengi ya Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82, na ukiiondoa injini inachelewa kupata joto, hasa katika asubuhi za baridi za Muyinga, na petroli inaliwa zaidi. Baada ya foleni tulizozishuhudia kwenye vituo vya mafuta mwaka 2024 na 2025, ni nani mwenye petroli ya kuchezea?

Najua jibu nitakalopewa. Kulanti ni ghali, maji ya mtoni ni bure. Ni kweli, na simlaumu mtu aliyefunga safari na elfu chache mfukoni. Lakini maji ya mtoni yana madini yanayoganda ndani, na hayana kinga ya kutu. Gari likikaa wiki kadhaa bila mafuta, kutu inaendelea kula kimyakimya, na siku petroli ikipatikana ndiyo siku tundu linapofunguka. Mfumo usiovuja unahitaji kulanti mara moja kwa muda mrefu. Ni gari linalovuja ndilo linaloifanya iwe ghali. Kama ni lazima uongeze maji, tumia ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri yasiyo na asidi, nusu kwa nusu na kulanti. Soma maandishi ya chupa kuliko rangi, kwa sababu rangi yeyote anaweza kuitia.

Kwa waliorejea kuna tatizo dogo la lugha. Wewe uliyejifunzia gari Kasulu unasema rejeta, na fundi wa Gitega aliyesoma kwa Kifaransa anasema radiyateri. Dukani unaweza kurudishiwa kitu kingine kabisa. Dawa ni kwenda na kipande cha zamani mkononi. Na fundi akibadilisha kifaa, mdai kile kibovu, ni chako.

Nyumbani pana mpaka wake. Mapovu yasiyoisha rejetani, moshi mweupe wenye harufu tamu, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au mpira wa juu kuwa mgumu mara tu unapowasha gari lililolala baridi: hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Zima, livutwe kwa fundi mwenye vipimo. Kulisukuma hadi Kobero kwa madumu matatu ya maji ni kuipinda hedi yenyewe, na maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua bloku.

Limebaki lile dumu la manjano. Kulanti ina sumu yenye ladha tamu, na rangi yake inafanana na juisi ya dukani. Mtoto au mbuzi akiinywa, hata kidogo, figo zinaweza kufa. Ile unayoimwaga kutoka kwenye rejeta ikingwe kwenye beseni, ifungwe, iandikwe, iwekwe juu mbali na watoto. Dumu lililoibeba lisirudi jikoni hata likioshwa mara kumi. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba hakuna atakayelichotea maji ya kunywa, litoboe.