Maabara peke yake haitoshi

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu udongo unaotandikwa chini ya mashimo ya taka imeishia kwenye vipimo vya maabara. Mwaka 1984 mhandisi David Daniel wa Texas alionyesha kwamba matabaka ya udongo wa mfinyanzi yaliyokwisha kujengwa yalipitisha maji mara 10 hadi 1,000 zaidi ya sampuli za maabara. Mchawi ni mabonge. Udongo ukishindiliwa ukiwa mkavu, mabonge hayapondeki. Yanakaa bega kwa bega na maji yanapita katikati yao. Niliwahi kuchimbua tabaka la namna hiyo kwa sururu: juu laini kama sakafu, ndani mabonge ya ukubwa wa ngumi na nyufa zinazoingiza ukucha. Ukiongeza maji kidogo kabla ya kushindilia, mabonge yanalainika na kuungana. Kanuni za Marekani za mashimo ya taka zinadai udongo wa unene wa sentimita 60, tena chini ya karatasi ya plastiki, usiopitisha zaidi ya sentimita 3 hivi za maji kwa mwaka yakivutwa na uzito wake tu. Na udongo huo ukiachwa wazi juani, unapasuka. Wahandisi wetu, tafadhali, pimeni kwenye shimo lenyewe kabla lori la kwanza la taka halijamwaga.