Mkeka wa Kijana na Hesabu Isiyotangazwa

Apitaye Tunduma kuelekea Nakonde huwakuta vijana wetu, wabeba mizigo na waendesha bodaboda, wameinamia simu wakipanga mikeka. Matangazo huwaambia kwamba ushindi u karibu na kila mmoja wao. Je, ni kweli? Hatuhitaji mtaalamu kulipima neno hilo. Hesabu ya shule ya msingi yatosha.

Tuutazame ubashiri wa mechi 13. Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji kushinda, sare, au mgeni kushinda. Tatu mara tatu, vivyo hivyo hadi mechi ya 13, hutoa mikeka 1,594,323 isiyofanana. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa mzima wa Songwe watu 1,344,687. Basi hata kama kila mtu, tangu mtoto mchanga wa Vwawa hadi kikongwe wa Ileje, angejaza mkeka usiofanana na wa mwenziwe, mikeka 249,636 ingebaki bila mwenyewe, na ule wa ushindi ungeweza kuwa miongoni mwake.

Tutajibiwa kwamba kijana anaujua mpira, habahatishi. Haya, tumpe sifa kubwa: katika kila mechi hupatia mara moja kati ya mbili. Hapo nafasi yake ni moja katika 8,192. Akicheza mkeka mmoja kila wiki, kwa wastani atangoja miaka 157.

Na mikeka midogo? Chukua mechi yenye odi 2.00, 3.00 na 4.00. Gawa 100 kwa kila odi: utapata 50, 33.3 na 25, jumla 108.3. Lakini yote yawezayo kutokea hayazidi 100! Hiyo nane na ushei ni ya mwenye mchezo, naye huivuna upya kila mechi inapoongezwa. Mkeka wa mechi tano za namna hiyo hurudisha, kwa wastani, shilingi 670 katika kila 1,000. Kodi ya ushindi bado.

Je, wachezaji ni wapumbavu? La hasha. Mchuuzi wa mahindi hutakiwa kuuza kwa mizani iliyokaguliwa. Kwa nini auzaye matumaini asiwe na mizani? Bodi ya Michezo ya Kubahatisha haina budi kuamuru kwamba penye tangazo la mamilioni pachapishwe pia, kwa herufi kubwa zile zile: moja katika 1,594,323. Wakati tukingoja, viongozi wa jumuiya waichukue chaki, waifanye hesabu hii ubaoni mbele ya vijana wenyewe.