Enyi Wajawazito, Shaka Yenu Ipelekeni Kliniki

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wa Ilembula, Makambako na Njombe yote, leo nataka tuzungumze habari za sindano ya pepopunda anayochomwa mama mjamzito. Wako wanaoikwepa. Kadi wanachukua, kupimwa damu wanakubali, vidonge vya kuongeza damu wanameza, lakini zamu ya sindano ikifika wanaaga kwamba watarudi wiki ijayo. Siwalaumu kwa kuwa na shaka. Mwenye mimba ana haki ya kuuliza juu ya kila kitu kinachoingia mwilini mwake. Ninachowasihi ni kwamba shaka hiyo waipeleke mahali penye majibu, tena mapema, wasikae nayo nyumbani mpaka uchungu uwashike.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Kijidudu cha pepopunda kinaishi udongoni na katika samadi. Sisi ni wakulima na wafugaji. Udongo na samadi tunatembea navyo, viko kwenye jembe na chini ya kucha. Mtoto huzaliwa mzima, akalia, akanyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kisha, kati ya siku ya tatu na ya 28, anaanza kushindwa kunyonya. Mama anamwekea titi mdomoni, midomo inaligusa, lakini taya hazifunguki. Ngumi zinakaza, mgongo unapinda kama upinde, uso unajikunja. Ukimgusa tu, au mlango ukibamizwa, mwili wote unakakamaa upya. Zamani watu walisema ni degedege, au walimtafuta mchawi, kumbe mara nyingi chanzo kilikuwa wembe mchafu uliokata kitovu, au majivu na samadi iliyopakwa juu yake. Bila matibabu ya hospitali, karibu wote wanaopatwa hufa.

Wasichana wengi wa leo hawajawahi kuliona jambo hili, na ndiyo maana sindano inaonekana kama usumbufu usio na sababu. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 25,000. Tanzania ilithibitishwa kuitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wetu wa Njombe ulipozaliwa. Lakini kutokomeza huko maana yake ni kwamba katika kila wilaya wagonjwa hawafiki hata mmoja katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Kijidudu chenyewe hakijaondoka. Kimo katika shamba unalolilima leo.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Surua huambukizwa kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo majirani wakichanjwa wengi, hata asiyechanjwa hupata nafuu kwao. Pepopunda haiambukizwi hivyo; inatoka udongoni. Hata kijiji kizima kikichanjwa, mama mmoja akakataa, mtoto wa huyo mmoja hana wa kumsitiri.

Wengine huuliza, kwa nini tusingoje azaliwe achanjwe mwenyewe? Swali hili ni zuri na jibu lake ni jepesi. Chanjo ya kwanza ya mtoto yenye kinga ya pepopunda hutolewa akiwa na wiki 6, na ugonjwa huu humwua kabla hajamaliza wiki 4. Katika wiki hizo hana kinga nyingine ila ile aliyopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma.

Najua shaka inatoka wapi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakichomwa wanawake ilikuwa imetiwa homoni ya ujauzito ili wasizae, na habari hizo hazikujua mpaka. Ni kweli kwamba watafiti nchini India waliwahi kujaribu chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Lakini hiyo ilikuwa chanjo nyingine, ya majaribio. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walilikanusha dai la Kenya mwezi Novemba mwaka huohuo. Kisha ukaja mwaka 2021. Mwezi Januari, Rais Magufuli akiwa Chato aliwatahadharisha wananchi juu ya chanjo za korona. Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Mwananchi aliyesikia maneno hayo mawili ndani ya mwaka mmoja akibaki njia panda, sioni kosa lake.

Dawa ya njia panda ni kuuliza chanjo kwa jina lake. Chanjo si kitu kimoja. Ile ya surua na rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hapewi. Ya pepopunda, ambayo siku hizi huchanganywa na ya dondakoo, haina kijidudu hai na haiwezi kuleta ugonjwa wenyewe. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine utavimba kidogo au mama atapata homa ndogo. Aliyewahi kudhurika vibaya na dozi iliyotangulia amwambie nesi kabla ya kuchomwa.

Nanyi manesi wa hospitali yetu ya Kilutheri hapa Ilembula na wa kila zahanati, nawaomba subira. Benchi likijaa, ni rahisi kumjibu mama kwa ukali, "Leta mkono." Mkono ataleta leo, mwezi ujao hatarudi. Mwonyesheni kichupa, msomeeni jina lake na tarehe ya mwisho ya kutumika. Wachungaji, mapadri na masheikh, mama huyu akiwajia na hofu, mrudisheni kliniki. Nawe baba, na wewe mama mkwe ambaye neno lako linasikika kuliko la daktari, fuatana naye kliniki ukasikie mwenyewe.

Dozi ya kwanza hutolewa mara mama anapofika, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, kisha mbili zaidi kila moja baada ya mwaka. Zikitimia tano zinamtosha kwa umri wake wote wa kuzaa. Mwenye mimba ya miezi saba ambaye hajachomwa hata moja hajachelewa, ila hana siku za kupoteza, kwa kuwa ile ya pili inapaswa itangulie kujifungua kwa wiki mbili au zaidi. Aende wiki hii. Akiwa na kadi ya mimba iliyopita aibebe, maana dozi zilizoandikwa humo zinahesabiwa.