Kichwa Kikigongwa, Mchezo Umekwisha

Jioni moja ya Jumapili vijana walimleta mwenzao hospitalini kwetu kutoka uwanja wa mpira. Aliniuliza, "Mama, tumeshinda?" Nikamjibu. Baada ya dakika chache akaniuliza tena, na baadaye mara ya tatu. Alikuwa amegongana vichwa na mwenzake kipindi cha kwanza, akaachwa acheze hadi mwisho. Kocha wake alinieleza, "Lakini Mama, mwenyewe alisema yuko sawa."

Neno hilo "yuko sawa" ndilo ninalotaka tulizungumze mwezi huu, kwa mfano wa watu wa mbali, wachezaji wa raga wa Australia.

Huko wanapenda sana raga ya watu 13 kila upande. Sita kati yao ni wachezaji wa mbele. Kazi yao ni kubeba mpira na kuuingiza moja kwa moja katika ukuta wa wapinzani, na kuwaangusha wanaowajia. Wengi wana kilo 100 au zaidi, na mchezo ni wa dakika 80. Hulipwa kwa kazi hiyo kama mwingine alipwavyo kwa kubeba magunia. Mwili ndio jembe lao.

Mwaka 1970, John Sattler, kapteni wa South Sydney, alivunjwa taya mwanzoni mwa fainali. Aliomba mwenzake amshikilie asianguke, ili wapinzani wasijue kwamba ameumia. Akacheza mpaka mwisho, na timu yake ikashinda 23 kwa 12. Hadi leo watu wanasimulia ushujaa huo.

Namheshimu Sattler. Lakini taya ni mfupa. Likivunjika huonekana kwenye eksirei, hufungwa, na baada ya wiki kadhaa huunga. Ubongo sivyo. Ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa, ubongo hutikisika na kazi yake huvurugika. Eksirei haionyeshi mtikisiko huo, na wengi wanaoupata hawazimii hata kidogo.

Sasa mtazameni Boyd Cordner, mchezaji wa mbele wa Sydney Roosters. Alianza kucheza ligi kuu mwaka 2011, akatwaa ubingwa mwaka 2013, 2018 na 2019. Katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2017, Australia iliishinda Uingereza 6 kwa 0, na ni yeye aliyeufikisha mpira kwenye mstari. Lakini mwaka 2020 aligongwa kichwa mara kadhaa. Mwezi Novemba, katika mchezo mkubwa mjini Adelaide, aligongwa tena, akatolewa, akapimwa, akarudi uwanjani. Baada ya hapo hakucheza tena. Juni 2021, siku chache baada ya kutimiza miaka 29, alitangaza kwamba anaacha.

Kwa maoni yangu, tangazo lile lilihitaji ushujaa kuliko fainali yoyote. Aliacha mshahara na sifa angali kijana mwenye nguvu. Sababu ya kuogopa ipo. Steve Folkes, naye mchezaji wa mbele, aliichezea Canterbury tangu 1978 hadi 1991. Alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 59. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba ubongo wake ulikutwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, ambao huthibitishwa tu mtu akisha kufa.

Mtu ataniambia, "Mchezaji ni mtu mzima, aamue mwenyewe." Ndugu yangu, aliyeumia mguu anaweza kuamua kwa kichwa chake. Aliyeumia kichwa ataamua kwa nini? Kinachotakiwa kuamua ndicho kilichoumia. Kwa hiyo uamuzi ni wa kocha, mwamuzi, mzazi na rafiki.

Vijana wetu hawachezi raga hiyo, lakini hugongana kwenye mpira, huanguka mwembeni na kwenye pikipiki. Ubongo wao ni uleule. Shikeni haya:

1. Aliyegongwa kichwa kwa nguvu, au akaduwaa, asirudi kucheza siku hiyo, hata akisema yuko sawa.

2. Asiachwe peke yake siku ya kwanza. Asinywe pombe, wala asiendeshe chombo chochote.

3. Apelekwe hospitali mara moja akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akipata degedege, akilala usingizi asioamshika, akiumwa kichwa kinachozidi, akilegea upande mmoja wa mwili, au akitokwa damu au maji masikioni.

4. Apumzike siku mbili za kwanza, kisha arudie shughuli pole pole. Huko Australia, mwongozo wa mwaka 2024 unataka wachezaji wa kawaida wasirudi kwenye mashindano ya kugongana kabla ya siku 21.

Yule kijana wa Jumapili alipona. Siku ya kuruhusiwa alinitania, "Mama, kumbe tulishinda!" Nilimwambia kwamba safari nyingine nitataka kusikia alitolewa nje, hata kama timu yake imefungwa.