Uchafu wa Sinema Sio Shida. Ngoma Yetu Iko Wapi?

Wasee, ile klipu niliyoposti Jumamosi imeniletea balaa. Nusu yenu mnataka niifute, ati ni ubaguzi. Nusu nyingine mnaniambia nipunguze ukali, ni komedi tu. Kaeni chini, kwa sababu nyote mmekosea.

Kwa waliochelewa: mjomba wangu aliwahi kufanya kazi hotelini Malindi, na wageni walikuwa wakiacha vitu vyumbani. Miwani, vitabu, DVD. Moja ya hizo DVD iko kwetu hapa Hewani tangu niko darasa la tatu. Inaitwa Carry On Up the Jungle, ya mwaka 1970. Tuliitazama kwa jenereta ya jirani tukicheka mpaka machozi, na Kiingereza chenyewe hatukukielewa hata nusu. Kilichotuua ni Terry Scott, mtu mzima wa miaka zaidi ya 40, anaigiza kijana aliyepotea msituni tangu uchanga, nguo yake ni kipande kiunoni. Wiki iliyopita nikaiangalia tena, safari hii peke yangu.

Kwanza tumalize hii habari ya matusi. Kuna kile kipande cha nyoka chini ya meza, mama wa watu anadhani ni mkono wa mwanamume, anatabasamu. Ndio hicho mnachoita uchafu? Nenda harusi ya Pwani usiku, wanawake wakiwa peke yao, usikize mafumbo yanayoimbwa kwenye vugo, halafu uniambie Sid James atakufundisha nini. Ukweli ni kwamba nilicheka tena, na sioni haya.

Msitu wenyewe sasa. Hakuna mtu aliyepanda ndege kuja Afrika. Waliupanda ndani ya studio za Pinewood, nje kidogo ya London. Mimi nimekulia kando ya Tana, ambako mamba hawangoji kuambiwa waanze kuigiza, kwa hivyo yale majani yao yalinichekesha kuliko mizaha. Waafrika humo ndani ni wala watu au wapagazi. Na kiongozi wa wapagazi ni nani? Bernard Bresslaw, Mzungu wa London, kapakwa rangi nyeusi mwili mzima. Yaani hata unyapara wa kuwabebea Wazungu mizigo, kazi ikapewa Mzungu!

Lakini hapo bado sikukasirika. Nilikasirika nilipofikiria ngoma. Sinema za msituni za aina hii zina mchezo mmoja: ngoma ikilia, Mzungu anatoa macho, na wewe mtazamaji unajua kuna mtu karibu atiwe chunguni. Ngoma ni kelele ya kutisha tu, haina mwenyewe.

Sisi Wapokomo tulikuwa na Ngadji. Ngoma takatifu, iliyobeba mamlaka ya wazee wetu. Maofisa wa ukoloni wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 ikaingia British Museum. Haikuwekwa hata mahali watu waione. Iko stoo. Kwa hivyo mwaka 1970, Waingereza walipotoa vichekesho vyao vya msituni, Ngadji ilikuwa imeshakaa London miaka 62, na kutoka Pinewood hadi hapo ilipofungiwa hazifiki kilomita 50. Ngoma ya kweli walikuwa nayo.

Na sheria inayoizuia makumbusho hiyo kutoa vitu vyake, isipokuwa kwa sababu chache sana, ni ya mwaka 1963. Mwaka uleule Kenya ilipopandisha bendera yake na kuimba wimbo wa taifa, ambao tuni yake imetoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Kenya nzima inasimama wima kwa tuni yetu. Ngoma yetu iko stoo ya watu.

Sasa nyinyi wa "futa": nikiifuta, ni nani London atakosa usingizi? Mtakuwa mmeshinda vita na DVD ya mjomba. Na nyinyi wa "ni komedi tu", chekeni, hata mimi nacheka. Ila mzaha wa ngoma unafanya kazi kwa sababu moja, kwamba anayetazama ameshaamini ngoma ya Mwafrika ni kelele. Aliyeibeba Ngadji aliamini hivyohivyo.

Kuna mmoja kaniandikia ati ikirudi, mafuriko ya Tana yataibeba. Ndugu yangu, sisi tumehamisha mabibi, mbuzi na magodoro maji yakija, mwaka baada ya mwaka. Ngoma moja itatushinda?

Klipu haitoki. Jumamosi usiku naionyesha sinema yote hapa kijijini chini ya mwembe, na projekta nimeshaazima. Ikiisha, babu mmoja amekubali kutueleza habari za Ngadji kama alivyozisikia kwa baba yake. Nitamrekodi, nitaposti. Ile ya nyoka mliisambaza mpaka Nairobi, nataka nione hii ya babu mtaifikisha wapi. Kiingilio bure, mafuta ya jenereta tuchange.