Mpe mwalimu mkuu hoja ya kupeleka kwenye bodi

Chukua shule ya sekondari ya kutwa huko Mau Narok au Molo, nchini Kenya, ambako baridi ya asubuhi haina mzaha. Wanafunzi wanatakiwa wawe wameketi darasani kabla ya saa kumi na mbili na nusu, giza likiwa bado halijatoka vizuri. Mwalimu kijana aliyeripoti muhula uliopita anajua kwamba Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule za umma za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa na nusu alasiri. Anasimama kwenye mkutano wa walimu, anasoma kanuni, anaketi. Sheria iko upande wake, lakini pendekezo limekufa papo hapo. Mwalimu wa hisabati amesikia ananyang'anywa kipindi chake cha marudio, naibu wa mwalimu mkuu amesikia anashtakiwa, na mwalimu mkuu mwenyewe tayari anawaza wazazi watakaomwuliza mbona shule jirani bado inawaamsha watoto mapema.

Kosa liko katika kudhani kwamba mwalimu mkuu ndiye mwenye neno la mwisho. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, shule ya umma husimamiwa na bodi yenye wawakilishi sita wa wazazi, watatu wa mfadhili (ambaye mara nyingi ni kanisa), mmoja wa walimu na wengineo, na mwalimu mkuu ni katibu wa bodi hiyo. Kwa hiyo wazo lako, likibahatika, litasemwa na mtu mwingine, mbele ya watu wasiokujua, wewe ukiwa darasani unasahihisha madaftari. Lazima liweze kusafiri bila wewe. Ukurasa mmoja unatosha: gharama yake, nani atalifanya, litajaribiwa kwa muda gani, na dalili gani itaonyesha kwamba limeshindwa. Hili la mwisho ndilo husahaulika, nalo ndilo humtuliza zaidi anayeogopa kulaumiwa.

Mwalimu wetu angekuwa na daftari la wachelewaji la wiki mbili na orodha ya wanaotembea kutoka mbali. Angeomba Gredi ya 10 peke yake ijaribu saa mpya kwa nusu muhula, kisha alama zao zilinganishwe na zile za awali. Na kabla ya mkutano angempitia mwalimu wa hisabati, amwamkie kama mkubwa wake kazini, na kumwuliza marudio yake yahamie wapi. Wapo watakaoita hiyo fitina. Fitina ni kumsema mtu asipokuwepo. Hapa anashirikishwa mwenye kitu kabla hakijaguswa.

Mfano mzuri wa kuanza na kilicho mkononi uko Njoro. Mwezi Machi 2019 Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyefundisha sayansi katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, kijijini Pwani, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani na dola milioni 1 huko Dubai. Shule ilikuwa na kompyuta moja, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Hakusubiri maabara ya kompyuta: alikwenda kwenye saiba, akapakua masomo na kuyarudisha darasani. Aliimarisha chama cha sayansi, na wanafunzi wakafika mashindano ya kitaifa. Anayekuja kuomba vifaa akiwa na kazi ya namna hiyo hahitaji maneno mengi. Sisemi kila mwalimu atoe sehemu kubwa ya mshahara wake kwa maskini kama alivyofanya Tabichi. Shule isiyosonga mbele bila kafara ya mtu mmoja ina kasoro.

Atakayenipinga atasema haya yote ni kufunza unyenyekevu, na kwamba mwenye haki hapaswi kubisha hodi. Kuna mahali ana haki kabisa. Mwalimu akimdhulumu mtoto kimwili au kingono, hapo hakuna cha kutafuta wakati mwafaka. Waraka wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) wa 2010 unamlazimu mwalimu kuripoti dhuluma ya kingono, na anayenyamaza huadhibiwa. Busara ninayoizungumzia ni ya ratiba, maktaba, chakula cha mchana na vyama vya wanafunzi.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wanafunzi. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa nchini, na mtafiti Elizabeth Cooper alikuwa ameshaeleza katika jarida la African Affairs mwaka 2014 kwamba wanafunzi wa Kenya wamejifunza kuwa moto huwafanya wakubwa wasikilize. Kumhubiria adabu kijana ambaye barua zake tatu hazikujibiwa ni kumcheza shere. Sheria inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi kwenye bodi, lakini kiti hicho hakina maana ikiwa hakuna anayelazimika kumjibu. Basi mwalimu mkuu naye abanwe: pendekezo lililoandikwa, liwe la mwalimu au la mwanafunzi, lijibiwe kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha bodi, na kama limekataliwa sababu itajwe, hata kama ni kwamba pesa hazipo.